Guyana si fimbo ya kutuchapia

Siku hizi ukikaa kijiweni Lindi mjini, kabla kikombe cha pili cha kahawa hakijapoa mtu ataitaja Guyana. Miaka kumi iliyopita wengi wetu tusingeweza kuionyesha kwenye ramani hata kwa kusaidiwa. Sasa imekuwa fimbo. "Wenzetu Guyana wamepata mafuta 2015, 2019 wakaanza kuuza. Sisi gesi tumeipata 2010, mpaka leo tuko kwenye mazungumzo." Msemaji hunyamaza hapo, akasukuma kikombe chake mbele, na wanaomsikiliza hutikisa vichwa kana kwamba hukumu imeshasomwa. Maneno hayo hayo yakitoka kijiweni huvaa tai: nimeyakuta kwenye safu za magazeti na kwenye mijadala ya redio, tena kwa watu waliosomea uchumi ambao walipaswa kuuliza swali moja zaidi.

Nikiri kwanza kwamba fimbo yenyewe ni nene. Kisima cha Liza, kilometa zipatazo 190 kutoka pwani ya Guyana, kilitangazwa Mei 2015. Desemba 2019 mafuta yakaanza kutoka. Kufikia mwisho wa 2025 kulikuwa na meli nne za uzalishaji zenye uwezo wa kutoa takriban mapipa 900,000 kwa siku, katika nchi ambayo watu wake hawafiki milioni moja. Mwaka 2022 peke yake uchumi wao ulikua kwa zaidi ya asilimia 60. Upande wetu, tangu 2010 tulitangaziwa Pweza, Chewa, Zafarani na Lavani, majina matamu ya baharini na ya jikoni, mpaka hesabu ya gesi ya kina kirefu ikapita futi za ujazo trilioni 47. Juni 2022 tukasaini mkataba wa awali. Mei 2023 tukaambiwa mazungumzo yamekamilika. Halafu yaliyokamilika yakaanza kuzungumzwa upya.

Pamoja na yote hayo, ulinganisho huu ni wa uongo. Guyana hawakukimbia kwa kuwa viongozi wao ni werevu kuliko wetu. Walikimbia kwa sababu mali waliyoipata ni ya kukimbiza, na kwa sababu jirani alikuwa anagonga mlango. Mbio hizo wakazilipia kwa mkataba ambao anayetuchapa kwa jina lao hajauona, au ameuona akaamua kutousoma kwa sauti.

Tuanze na mali. Meli yao ya kwanza, Liza Destiny, ilikuwa meli kubwa ya kubebea mafuta. Ikapelekwa Singapore, ikafungwa mitambo juu ya sitaha, na mwaka 2019 ikaja kutia nanga juu ya visima. Mafuta yanapanda kutoka chini ya bahari, yanatenganishwa na maji na gesi palepale, yanakaa tumboni mwa meli, kisha meli nyingine inakuja kupakia na kwenda zake. Mafuta hayo hayakanyagi nchi kavu, wala hakuna kijiji kilichohamishwa kuyapisha. Tena mafuta ghafi ni kama chumvi, hayakosi mnunuzi: asipokuwa wa Rotterdam atakuwa wa Houston, asipokuwa huyo atakuwa wa India, na bei yake inajulikana duniani kila asubuhi.

Gesi yetu haina tabia hiyo. Nyingine iko chini ya maji yenye kina cha mita 2,500. Ili iuzwe mbali, lazima ivutwe kwa mabomba mpaka pwani, ipozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, igeuke kimiminika na ujazo wake upungue mara 600, ndipo ipakiwe kwenye meli zenye matangi ya aina yake. Mtambo wa kazi hiyo umepangiwa Likong'o, nje kidogo ya Lindi, na makadirio yanayotajwa ni dola bilioni 42, yaani takriban nusu ya pato la taifa la mwaka mzima. Hakuna benki inayotoa fedha za namna hiyo kwa kuonyeshwa ramani. Wanunuzi lazima wafunge mikataba ya miaka 20 kabla tofali la kwanza halijawekwa. Muuza madafu wa barabarani hana sababu ya kumcheka jirani anayejenga kiwanda cha mafuta ya nazi eti amechelewa kufungua duka.

Hapo pana kichekesho ambacho kijiweni hakisimuliwi. Shell walikuwa na nusu ya kitalu cha Stabroek, kile chenye Liza. Mwaka 2014 wakajitoa, mwaka mmoja tu kabla ya kisima kutema. Mwaka 2016 wakainunua BG ya Uingereza na hivyo wakarithi vitalu namba 1 na 4 vya Tanzania. Walitoka kwenye ukumbi karamu ikikaribia kupakuliwa, wakaja kuketi kwetu kusubiri wali usioiva. Na ExxonMobil, mbia wa Equinor ya Norway kwenye kitalu chetu namba 2, ndiye huyo huyo mwendeshaji wa Stabroek. Kwa hiyo 2015 ilipofika, fedha za Exxon zilikuwa na njia mbili: mafuta yatakayolipa ndani ya miaka minne, au gesi itakayolipa baada ya kumi, Mungu akipenda. Hata wewe na mimi tungejua pa kuzipeleka. Guyana hakuwa mwanafunzi mwenzetu aliyefaulu mtihani tuliofeli. Alikuwa mshindani wetu kwenye meza ya kampuni ile ile, naye alikuwa na bidhaa nyepesi zaidi. Januari 2021 Equinor walipofuta kwenye vitabu vyao dola milioni 982 za thamani ya mradi wa Tanzania, walisema hesabu za mradi hazijaboreka vya kutosha. Sisi tukagombana wenyewe kwa wenyewe kuhusu nani amewafukuza.

Jirani ndiye kiini cha mambo, na wapiga fimbo humruka kabisa.

Venezuela inadai eneo la Essequibo, theluthi mbili ya nchi kavu ya Guyana. Mpaka uliamuliwa na mahakama ya usuluhishi mwaka 1899. Tangu 1962 Caracas inasema uamuzi ule ulikuwa wa hila. Oktoba 2013 jeshi la majini la Venezuela liliikamata meli ya utafiti iliyokuwa ikifanya kazi kwa kibali cha Guyana, likaipeleka kisiwa cha Margarita. Mei 2015, mwezi ule ule wa tangazo la Liza, Caracas ikatoa amri ya rais iliyochora upya eneo lake la bahari, na ukiifuata michoro ile unakuta mafuta mapya yamo ndani. Desemba 2018 meli nyingine ya utafiti, safari hii ya kazi ya Exxon, ikazuiwa ikageuza. Desemba 2023 serikali ya Nicolás Maduro ikaitisha kura ya maoni ya kuifanya Essequibo mkoa wa Venezuela. Machi 2025 meli ya doria ikasogea hadi karibu na mitambo ya uzalishaji. Upande wa pili wa nchi, Suriname nayo mwaka 2000 ilituma boti za kijeshi kuondoa mtambo wa uchorongaji, na kesi ile ikaisha 2007 tu. Jeshi lote la Guyana ni askari elfu chache.

Sasa jiweke kwenye kiti cha waziri wa Georgetown mwaka 2016. Una mafuta chini ya bahari ambayo mwenye bunduki nyingi kuliko wewe anasema ni yake. Mbele yako wameketi Exxon wenye asilimia 45, Hess wenye 30, wote wa Marekani, na CNOOC ya China yenye 25. Kila mwezi unaopita bila mitambo yao kutia nanga ni mwezi ambao bahari yako iko tupu. Nyumba yenye mpangaji mkubwa haivamiwi ovyo, na huyu mpangaji ana ndugu Washington na shemeji Beijing. Utamwambia kodi yake ni ndogo? Utamwambia aondoke arudi kesho na hesabu nyingine?

Hawakumwambia. Juni 2016 serikali ya David Granger ikasaini. Kulikuwa na malipo ya kusaini ya dola milioni 18, nayo yakafichwa. Wananchi waliyajua mwishoni mwa 2017 kwa barua iliyovuja. Maelezo yaliyotolewa baadaye yalikuwa kwamba milioni 15 ni za kulipa mawakili wa kesi dhidi ya Venezuela, na milioni 3 za mafunzo. Soma tena. Nchi iliyokalia mabilioni ya mapipa iliuza ili ipate nauli ya kwenda mahakamani The Hague.

Sisi wa Kusini biashara ya namna hiyo tuna jina lake. Tunaiita kangomba. Mnunuzi wa kangomba anamjua mkulima mwenye shida, mwenye mgonjwa hospitali au mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ada. Anamfuata usiku, mikorosho ikiwa bado na maua, anaweka noti mezani na kipimo chake mwenyewe mkononi. Mkulima anapokea. Si mjinga, anajua korosho zitakuwa na bei gani mnada ukifunguliwa, lakini mgonjwa hawezi kusubiri mnada. Na sijamsikia mtu yeyote Lindi au Mtwara akimpigia makofi mkulima huyo kwa kuuza mapema kuliko wenzake.

Bei ya kangomba ya Guyana iko wazi, na hapo nawavulia kofia: serikali ile ile iliyoficha milioni 18 iliuchapisha mkataba wote Desemba 2017, kila mtu asome. Niueleze kwa lugha ya diko.

Kwenye diko letu chombo kikirudi, samaki wanapigwa mnada, fedha anashika msimamizi wa tajiri. Kwanza zinatolewa gharama: petroli, barafu, chakula cha safarini. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa, nusu ya tajiri mwenye chombo na nyavu, nusu ya nahodha na wavuvi wake. Ukisikia "nusu kwa nusu" unaona haki imetendeka. Lakini mvuvi mzoefu hagombani kuhusu nusu, anatazama kilichoandikwa juu ya mstari. Nimeshuhudia siku samaki waliuzwa vizuri, fedha ikahesabiwa mbele za watu kwenye turubai, na bado kila mvuvi akaondoka na hela isiyofika ya kilo mbili za unga, kwa sababu "safari ilikula petroli".

Mkataba wa Stabroek ni hivyo hivyo. Katika kila mapipa 100, kampuni zinaruhusiwa kutoa hadi 75 kufidia gharama. Yanabaki 25, yanagawanywa nusu kwa nusu, kila upande 12 na nusu. Ongeza mrabaha wa asilimia 2. Gharama zikifika kwenye dari lile, Guyana inaondoka na mapipa 14 na nusu kati ya 100. Kodi ya mapato ya kampuni hizo nayo huhesabiwa kuwa imelipwa kutoka fungu la serikali yenyewe. Utajibiwa kwamba gharama zikishalipwa zote fungu la nchi litakua, na ni kweli, ila mkataba haukutenganisha visima. Gharama za meli ya tano hukatwa kwenye mapato ya meli ya kwanza, na kadiri ugunduzi mpya unavyoendelea ndivyo petroli inavyozidi kuandikwa juu ya mstari.

Nani anaikagua petroli hiyo? Wakaguzi wa IHS Markit walipewa gharama za tangu 1999 hadi 2017, zipatazo dola bilioni 1.7, wakatilia shaka dola milioni 214. Baada ya hapo Wagayana wakasikia kwamba kwenye vikao vya ofisa wa wizara na kampuni kiasi hicho kimeshuka hadi milioni 3. Zogo likazuka, serikali ikasema haiyatambui mapunguzo hayo. Na hizo ni gharama za kabla tone la kwanza halijatoka.

Mwenye shaka kwamba bei ile ilikuwa ya shida na awaulize Wagayana wenyewe. Mwaka 2023 walitoa mkataba wa mfano kwa vitalu vipya: mrabaha asilimia 10 badala ya 2, dari la gharama asilimia 65 badala ya 75, na kodi ya kampuni asilimia 10. Kidonda kisichouma hakifungwi bandeji. Ila Stabroek, ambako mafuta yenyewe yako, hakuguswi. Serikali ya Irfaan Ali inasema mkataba uliosainiwa unaheshimiwa. Ni msimamo unaoeleweka kwa mtu ambaye jirani yake bado yuko dirishani.

Sasa turudi kwetu. Sisi Venezuela wetu ni nani? Mpaka wetu wa bahari na Kenya tulikubaliana 1976, na wa Msumbiji 1988. Mzozo wetu wa maji uko Ziwa Nyasa, na hata huko hakuna meli iliyokamatwa. Kenya na Somalia ndio waliofikishana The Hague, na Oktoba 2021 mahakama ikachora mstari uliopita katikati ya vitalu ambavyo Nairobi ilikuwa imeshavigawa. Kwenye vitalu vyetu vya gesi hakuna anayetudai. Mtu asiye na mgonjwa hospitali akiuza korosho zake kwa kangomba, hana wa kumsingizia.

Anayetaka kuona mbio za jirani wa karibu asiende Amerika Kusini. Avuke Ruvuma. Msumbiji waligundua gesi miaka ile ile tuliyogundua sisi, wakakimbia. Kabla hata mita moja ya ujazo haijauzwa, mwaka 2013 na 2014 vigogo wao walikopa kwa siri zaidi ya dola bilioni 2, kwa jina la meli za kuvulia jodari na boti za doria, na wakopeshaji wakakubali kwa kuwa gesi ilikuwa njiani. Siri ilipofichuka 2016 wafadhili wakafunga mifuko, sarafu ikaanguka, na mwaka 2024 aliyekuwa waziri wa fedha, Manuel Chang, akatiwa hatiani na mahakama ya New York. Wakati huo huo Cabo Delgado, mkoa wa gesi yenyewe, ukawaka moto. Machi 2021 Palma ikashambuliwa, na mwezi uliofuata TotalEnergies wakasimamisha mradi wa dola bilioni 20. Sisemi gesi peke yake ndiyo iliyozaa vita. Ufukara na dharau vilikuwepo kabla yake. Nasema mji uliojaa wageni wenye kofia ngumu, huku vijana wa hapo wakitazama kwa nje ya uzio, ni kuni kavu. Oktoba 2020 moto huo ulivuka mto mpaka Kitaya, mkoani Mtwara. Watu wa Kitaya hawahitaji mhadhara wa kuwaeleza maana ya kufanya haraka.

Wapo watakaonijibu kwa bei. "Kama tungeanza 2014, mwaka 2022 tungekuwa tunauza gesi Ulaya kwa bei ya dhahabu." Nimeisikia hoja hii kwa watu ninaowaheshimu, na ndiyo bora kati ya zote walizonazo. Lakini uamuzi wa 2014 ungetufikisha sokoni 2020 hivi, mwaka ambao gesi iliyosindikwa iliuzwa Asia kwa chini ya dola mbili kwa kipimo ambacho 2014 kilifika dola 15 na zaidi. Tungeanza kulipa madeni na dunia imefungiwa ndani kwa uviko. Na hiyo neema ya 2022 ingekuwa ya nani? Msumbiji walianza kupakia Novemba 2022, kutoka mtambo unaoelea wa Coral Sul. Gesi yake yote ilikuwa imeshauzwa kwa BP tangu 2016, kwa miaka 20. Bei ikipanda ghafla Ulaya, anayeigeuza meli kuifuata bei ni aliyenunua. Aliyeuza anapata kilichoandikwa.

Kuna pia wanaosema dirisha linafungwa: dunia inahama kutoka kwenye mafuta na gesi, Qatar inaongeza uzalishaji kutoka tani milioni 77 kwa mwaka hadi 142 ifikapo 2030, tutabaki na gesi isiyo na mwenyewe. Inawezekana kabisa. Lakini hoja hiyo ikipimwa vizuri inawageukia. Kama mnunuzi wa miaka 20 ameanza kusita, kasi yetu haitamwondolea kusita, itamwonyesha tu kwamba tumeshikwa na hofu. Hofu hiyo tutailipa kwa asilimia za mrabaha na kwa kilichoandikwa juu ya mstari. Na gesi isiyoondoka kwa meli haiozi. Songo Songo iligunduliwa 1974, ikakaa miaka 30, na tangu 2004 inawasha taa za Dar es Salaam. Hakuna aliyeilaani kwa kuchelewa siku umeme wa maji ulipokatika.

Msinisome vibaya. Sitetei ofisi zilizolala. Kati ya 2016 na 2021 hatukuwa tunasubiri kwa hekima, tulikuwa tumevurugikiwa. Sheria tatu za maliasili zilipitishwa kwa haraka 2017, tena kwa hasira zilizotokana na dhahabu, halafu tukazipachika kwenye gesi. Watu wa Likong'o waliambiwa wasipande mazao ya kudumu kwa kuwa ardhi imetwaliwa, wakakaa miaka wakisubiri fidia. Hilo ni deni, na halifutwi na makala.

Namfahamu mwalimu mstaafu, jirani wa shemeji yangu, ambaye mwaka 2013 alichukua kiinua mgongo chake chote akajenga nyumba ya wageni karibu na barabara kuu. Vyumba 12. Sita vimeezekwa, sita vimebaki nondo zimechomoza juu kama miba. Nilipomweleza haya ninayoyaandika alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ya kiualimu. Kisha akaniambia:

"Mwanangu, wewe una mshahara. Mimi nakula nondo."

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimuuliza ni nani aliyemwambia ajenge. Akaingia ndani, akatoka na kipande cha gazeti alichokitunza kwenye bahasha ya kaki. Ofisa mmoja alikuwa ameahidi mwaka wa kuanza ujenzi, na mwaka wenyewe ulikuwa umepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Mwalimu hakuumizwa na kuchelewa. Aliumizwa na tarehe. Ndivyo ilivyokuwa hata Mtwara mwaka ule wa 2013, watu walipoingia barabarani na kusema gesi haitoki. Walishaahidiwa viwanda, wakaonyeshwa bomba la kwenda Dar es Salaam. Kila anayetuchapa kwa fimbo ya Guyana leo anadai tarehe nyingine, na serikali yoyote inayoelekea uchaguzi itakuwa tayari kumpa.

Kama tunataka kuiga kitu Georgetown, tuige Desemba 2017. Sheria yetu ya uwazi ya 2015 inataka mikataba ya madini, mafuta na gesi iwekwe hadharani. Mwaka mmoja kabla yake, Watanzania walijua mgawanyo wa kitalu namba 2 kwa hati iliyovuja, wakagundua haufanani na mkataba wa mfano waliokuwa wakionyeshwa. Mwaka huo huo viongozi wa shirika la petroli la taifa, TPDC, waliingia mikononi mwa polisi kwa amri ya kamati ya bunge, kwa kutoikabidhi mikataba ya gesi. Mwandishi wa Georgetown leo anaweza kupiga hesabu ya mapipa 14 na nusu mezani kwake, kwa penseli. Hizo ndizo mbio wanazotushinda, na kijiweni sijawahi kumsikia mtu akizitaja.

Wiki iliyopita nilishuka tena dikoni. Ngalawa zilikuwa zimeshapandishwa mchangani, na chombo kimoja cha mashine kilikuwa kinajiandaa kutoka na giza. Nahodha, mzee mwenye kofia ya vito iliyofifia, alikuwa hajapanda bado. Alimtuma kijana wake wa mwisho kufuatana na msimamizi hadi kituo cha mafuta. Nikamuuliza kwa nini asiende msimamizi peke yake, amwamini, waokoe muda, maji yalikuwa yanakupwa.

"Maji yatajaa tena," akasema. "Petroli ikishaandikwa haifutiki."

Kijana alirudi baada ya karibu saa nzima na madumu mawili na risiti. Mzee akaisoma risiti kwa tochi ya simu, mstari kwa mstari, msimamizi akiwa amesimama pembeni anapuliza mashavu. Akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Ndipo akapanda.